Mali Bila Daftari: Watu 272 wa Mwaka 1838 na Utafutaji wa Nasaba kwa Kompyuta



Katika miaka hii ya kompyuta na simu za mkononi, waamini wengi wameanza kutafuta habari za mababu zao kwa njia ambazo wazee wetu hawakuzijua. Kijana huketi mbele ya kompyuta, huandika jina la babu yake, na kungoja aone kama dunia bado inamkumbuka. Wapo wanaoiona kazi hiyo kuwa mchezo wa watu wenye nafasi. Sisi hatuioni hivyo, na juma hili tunapenda kueleza sababu kwa njia ya kisa kimoja cha historia, kisa ambacho kinaligusa Kanisa letu mahali panapouma.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo humwonya mtu anayeitupa asili yake kwa hiari. Lakini tuseme nini juu ya yule aliyefanywa mtumwa kwanza, kisha asili yake ikafutwa na mikono ya wengine? Je, wazao wake wanaweza kuipata tena? Swali hili liliulizwa kwa uzito mkubwa nchini Marekani miaka michache iliyopita, na jibu lake lilipatikana, kwa sehemu kubwa, katika vitabu vya parokia.

Katika jimbo la Maryland, mapadre wa Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti, walimiliki mashamba makubwa tangu zama za ukoloni wa Waingereza. Mashamba hayo, kama vile White Marsh, St. Inigoes, Newtown na St. Thomas Manor, yalilimwa na watumwa. Walikuwa watu weusi waliobatizwa, waliofunga ndoa mbele ya padre, na waliopeleka watoto wao kwenye kisima cha ubatizo kama Wakristo wengine. Jasho lao lilisaidia kazi za shirika, pamoja na Chuo cha Georgetown, kilichoanzishwa mwaka 1789 na John Carroll, askofu wa kwanza Mkatoliki wa Marekani.

Kufikia miaka ya 1830 chuo hicho kilikuwa kimeelemewa na madeni. Tarehe 19 Juni 1838, Padre Thomas Mulledy, Mkuu wa Kanda ya Maryland, alitia sahihi mkataba wa kuwauza watu 272, wanaume kwa wanawake, wazee na watoto wachanga, kwa wenye mashamba wawili wa Louisiana, Henry Johnson na Jesse Batey. Bei ilikuwa dola 115,000. Katika malipo ya kwanza ya dola 25,000, dola 17,000 zilikwenda kulipa madeni ya chuo.

Mkuu wa Shirika huko Roma, Padre Jan Roothaan, alikuwa ametoa ruhusa ya mauzo hayo kwa masharti. Familia zisitenganishwe, waliouzwa wapewe nafasi ya kuishi imani yao, na fedha zitakazopatikana zisitumike kulipa madeni. Masharti hayo hayakutimizwa. Padre Mulledy aliitwa Roma, akaacha madaraka yake mwaka 1839. Tarehe 3 Desemba mwaka huohuo Papa Gregori XVI alitoa barua ya kulaani biashara ya watumwa. Kwa watu wa Maryland barua hiyo ilikuta kazi imekwisha kufanyika: wengi wao walikuwa tayari Louisiana, katika mashamba ya miwa na pamba, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka makaburi ya wazazi wao.

Baada ya hapo pakawa kimya cha muda mrefu. Wanahistoria waliyajua mauzo hayo na kuyaandika. Lakini waliouzwa walitajwa kama hesabu tu, 272, wala haikujulikana wazao wao wako wapi. Mwaka 2015 wanafunzi wa Georgetown walipopinga jengo moja la chuo kuendelea kuitwa kwa jina la Padre Mulledy, mhitimu mmoja wa chuo hicho, Richard Cellini, aliuliza swali jepesi: watu wale walipatwa na nini? Ilikuwapo dhana kwamba walikufa upesi kwa homa katika mabwawa ya Louisiana, wasiache mtu nyuma yao. Bwana Cellini hakuridhika. Mwezi Novemba mwaka huo alianzisha mradi wa kuwatafuta, ulioitwa Georgetown Memory Project, na watafiti wa nasaba wakaanza kazi.

Ili msomaji aelewe ugumu wa kazi hiyo, yafaa ajue kile ambacho Wamarekani weusi hukiita ukuta wa mwaka 1870. Utumwa ulikomeshwa kisheria nchini humo mwaka 1865. Katika sensa za mwaka 1850 na 1860, watumwa walihesabiwa katika orodha ya pekee: liliandikwa jina la bwana, na chini yake umri, jinsia na rangi ya kila mtumwa, bila jina lake. Sensa ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika watu weusi wote wa nchi hiyo kwa majina yao. Kwa hiyo mtafiti anayerudi nyuma kutoka kwa baba hadi babu, na kutoka kwa babu hadi babu wa babu, hufika mwaka 1870 na kukuta mlango umefungwa. Nyuma ya mlango huo wako watu, lakini wameandikwa kama ng'ombe wa zizi.

Njia ya kupita ukuta huo ni kutafuta maandishi ambayo, kwa sababu yoyote ile, yalimtaja mtumwa kwa jina. Katika kisa hiki yalipatikana ya namna tatu. La kwanza ni mkataba wenyewe wa mauzo, kwa kuwa mnunuzi alitaka kujua anachonunua. Katika mkataba huo, wa kwanza kutajwa ni Isaac, mzee wa miaka 65, na wengine wengi wameandikwa pamoja na ndugu zao. La pili ni hati za meli. Sheria ya Marekani ya mwaka 1807, iliyokataza kuingiza watumwa kutoka nje kuanzia mwaka 1808, iliwaagiza pia manahodha waliosafirisha watumwa kati ya bandari za nchi hiyo kuandika jina, umri, jinsia na kimo cha kila mmoja. Kwa sababu hiyo twaweza kusoma hadi leo majina ya watu waliopakiwa katika meli Katharine Jackson, iliyotoka bandari ya Alexandria mwezi Novemba 1838 na kufika New Orleans mwanzoni mwa Desemba.

La tatu ni vitabu vya Kanisa: ubatizo, ndoa na maziko, huko Maryland na baadaye huko Louisiana. Hapa ndipo tunapoomba msomaji asimame kidogo. Mapadre walewale waliowauza watu ndio waliowaandika katika daftari la ubatizo. Katika daftari moja mtu aliandikwa kwa jina la Kikristo, pamoja na wazazi na msimamizi wake, kama mwana wa Mungu; katika daftari jingine aliandikwa kwa umri na bei. Vitabu hivyo viwili vilikaa katika nyumba moja, na walioviandika hawakuona, au hawakutaka kuona, kwamba kimoja kinakishitaki kingine.

Kazi ya watafiti ilikuwa kuyaunganisha maandishi haya na yale ya baada ya mwaka 1870. Chukueni mfano wa Cornelius Hawkins. Alikuwa mtoto wa miaka kama 13 alipouzwa mwaka 1838. Watafiti walimfuata kutoka karatasi hadi karatasi, kutoka kwa bwana hadi bwana, mpaka wakamkuta baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe akiwa mtu huru, mwenye mke na watoto, na bado Mkatoliki. Kaburi lake lipo Maringouin, mji mdogo wa Louisiana ambako wazao wengi wa watu wale wanaishi hadi leo. Juu ya jiwe lake limeandikwa jina la Neely, ambalo ni kifupisho cha Cornelius, na mwaka wa kufa kwake, 1902. Yule aliyedhaniwa kufa kwa homa bila mzao alikuwa ameishi kwa zaidi ya miaka 60 tangu auzwe.

Hapa kompyuta ilisaidia sana, na ni vema tueleze jinsi inavyofanya kazi. Programu ya nasaba humpa kila mtu ukurasa wake, wenye jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa, ndoa na kifo. Kisha humfunga kila mtu na wazazi wake, mwenzi wake na watoto wake, hivi kwamba ukimgusa mmoja waiona jamaa yote. Kwa kila habari mtafiti huandika imetoka wapi: kitabu gani, ukurasa gani. Tangu mwaka 1984 upo utaratibu wa kuandika habari hizo uitwao GEDCOM, unaowezesha programu moja kusoma kazi ya nyingine, hata kama zimetengenezwa na watu wasiojuana. Mtu asiye na fedha anaweza kutumia Gramps, programu inayotolewa bure. Kwa vyombo kama hivi, karatasi mia zilizotawanyika katika majimbo mawili zaweza kuwekwa mezani pamoja, na Cornelius wa hati ya meli akatambuliwa kuwa ndiye Neely wa jiwe la kaburi.

Lakini kompyuta haikumbuki kitu chochote ambacho mkono wa mtu haukukiandika. Mikono iliyoandika majina yale ilitii, kwa sehemu, agizo la zamani la Kanisa. Mtaguso wa Trento, katika mwaka 1563, uliwaagiza maparoko kuwa na kitabu cha ndoa na kuandika wasimamizi wa ubatizo. Mwaka 1614, kitabu cha ibada kilichotolewa na Papa Paulo V kiliweka utaratibu wa vitabu vitano: ubatizo, kipaimara, ndoa, hali ya waamini, na wafu. Nia ilikuwa kulinda sakramenti: kuzuia ndoa za siri, kuzuia jamaa wa karibu kuoana, na kujua nani amebatizwa. Hakuna aliyefikiria kwamba baada ya karne nyingi mjukuu wa mtumwa angeufungua ukurasa huo ili ajue yeye ni nani. Mali bila daftari hupotea bila habari, wasema Waswahili. Watu hawa walifanywa mali, na kama si daftari, wangepotea kweli bila habari.

Matunda ya utafutaji huo yalikuwa makubwa. Watafiti walibaini kwamba waliohusika na mauzo hayo walikuwa zaidi ya wale 272 wa mkataba. Mradi uliwataja watu 314. Wazao wao, walio hai na waliokwisha kufariki, walitambuliwa kwa maelfu. Mwaka 2019 habari hizo ziliwekwa katika tovuti ili kila mwenye kutafuta apate. Wengine waligundua kwamba majirani waliosali nao kanisa moja tangu utoto walikuwa ndugu zao wa damu. Tarehe 18 Aprili 2017, katika ibada ya toba huko Georgetown, Padre Timothy Kesicki, kwa niaba ya Wajesuiti wa Marekani, aliomba msamaha mbele ya wazao zaidi ya 100. Siku hiyohiyo lile jengo la Mulledy lilipewa rasmi jina la Isaac Hawkins, yule mzee aliyetajwa kwanza katika mkataba. Mwezi Machi 2021 Wajesuiti na wawakilishi wa wazao walitangaza mfuko wa pamoja, na shirika likaahidi kutafuta dola milioni 100 kwa ajili yake. Wapo wazao wanaoona kwamba hayo hayatoshi, nao wana haki ya kusikilizwa. Lakini msamaha wa namna yoyote haukuwezekana wakati waliokosewa hawakuwa na majina. Huwezi kumwomba radhi mtu uliyemwita hesabu.

Kisa cha Georgetown si cha pekee. Vita vilipokaribia kwisha, serikali ya Marekani ilianzisha mwaka 1865 ofisi ya kuwahudumia watumwa walioachwa huru. Karatasi za ofisi hiyo zilikaa ghalani kwa miaka mingi bila faharasa. Kati ya mwaka 2015 na 2016 watu wa kujitolea zaidi ya 25,000 walizisoma katika kompyuta zao nyumbani na kunakili majina karibu milioni 1.8. Chuo Kikuu cha Vanderbilt, tangu mwaka 2003, kimekuwa kikipiga picha vitabu vya parokia vya Cuba, Brazil, Colombia na Florida vinavyowataja Waafrika na wazao wao, na kuviweka wazi kwa wote.

Hazina kubwa kuliko zote za namna hii ni FamilySearch, inayoendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao wengi huwaita Wamormoni. Tangu mwaka 1938 walipiga picha kumbukumbu za nchi nyingi kwa filamu ndogo, na mwaka 2021 walimaliza kuhamishia kwenye kompyuta mikanda milioni 2.4 ya filamu hizo. Kuitumia ni bure, na tunawashukuru kwa kazi hiyo. Lakini msomaji Mkatoliki ajue pia kwamba wao hutafuta mababu ili wawabatize kwa niaba baada ya kufa, jambo ambalo Kanisa letu halilikubali. Kwa sababu hiyo, tarehe 5 Aprili 2008, Idara ya Wakleri ya Vatikano iliwaandikia maaskofu kwamba vitabu vya parokia visitolewe kwa kazi hiyo. Basi ukikosa kumwona bibi yako katika tovuti hiyo, usidhani hakuandikwa. Pengine yumo katika kabati la sakristia, akingoja mtu aende na kuomba kwa adabu.

Tukirudi nyumbani, twakuta historia inayofanana na hiyo. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani. Wengi walikuwa watoto waliotoka bara, mbali sana na pwani, ambao hawakuweza tena kueleza njia ya kurudi kwao. Walipewa majina ya ubatizo, nayo yakaandikwa. Kwa mzao wa mtu kama huyo, kitabu cha misheni chaweza kuwa mwanzo wa nasaba nzima, kwa kuwa nyuma yake hakuna karatasi nyingine.

Hata kwa sisi ambao mababu zetu hawakuuzwa, kazi ina ugumu wake. Programu nyingi za nasaba zimetengenezwa kwa watu ambao jina la ukoo hupita kutoka kwa baba hadi mwana bila kubadilika. Kwetu, mara nyingi mtoto huitwa kwa jina lake na la baba yake, na mjukuu huliacha la babu nyuma. Baada ya vizazi vitatu majina yote yamegeuka. Babu alibatizwa Petro, lakini kijijini alijulikana kwa jina la kilugha ambalo halimo katika daftari. Padre mgeni aliandika jina la kijiji kama sikio lake lilivyosikia. Kwa hiyo, mnapojaza kurasa za kompyuta, andikeni majina yote: la ubatizo, la kilugha, la utani, la ukoo na mlango wake, na jina la kigango. Msilazimishe jina la mwisho kuwa la ukoo ati kwa sababu programu imeacha nafasi hiyo wazi.

Tuna maonyo matatu. Kwanza, msinakili nasaba iliyoandikwa na mwingine mtandaoni bila kuona chanzo chake. Kosa moja likinakiliwa na watu kumi hugeuka kuwa ukweli wa kumi. Pili, heshimuni walio hai. Vitabu vya parokia vina siri za watu: mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, mtoto aliyelelewa na wasio wazazi wake. Vivyo hivyo vipimo vya vinasaba hufunua mambo ambayo familia haikujiandaa kuyasikia. Habari za mtu aliye hai zisiwekwe wazi bila ridhaa yake. Tatu, msianze na kompyuta. Anzeni na bibi. Tovuti itakuwapo mwakani. Bibi huenda asiwepo. Kaeni naye, muulizeni kwa utulivu, rekodini sauti yake kwa simu, na andikeni siku na mahali aliposema.

Nao walio na dhamana ya vitabu, yaani maparoko, makatibu wa parokia na makatekista, wana deni. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa yadai vitabu viandikwe sawasawa na vile vya zamani vitunzwe kwa uangalifu. Mchwa, mvua na wino hafifu havijui kanuni hiyo. Parokia inayoweza kupiga picha kurasa zake za kale na kuzihifadhi jimboni ifanye hivyo kabla ya masika yajayo. Na anayeandika ubatizo Jumapili hii asiharakishe. Jina la mama liandikwe kamili. Kijiji kiandikwe. Herufi zisomeke.

Mwinjili Mathayo aliianza Injili yake kwa orodha ya nasaba. Humo aliwataja wafalme, lakini pia aliwataja Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria, wala hakuificha aibu ya Daudi. Nasaba ya kweli huwa hivyo: ina watakatifu, ina waliotenda mabaya, na ina waliotendewa mabaya. Kanisa lililokubali kuusoma mkataba wa mwaka 1838 kwa sauti, jina kwa jina, lilijifunza jambo hilo kwa uchungu. Kila jamaa inayotafuta mizizi yake itajifunza jambo hilohilo, na isiogope.